Waliofundishwa na waliokuwa zamu: kisa cha mafunzo ya maji na vyoo kabla ya mafuriko

## Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea katika wilaya moja ya bonde la mto nchini Tanzania, msimu wa mvua kubwa za El Niño wa 2023/24. Jina la wilaya, la taasisi iliyoendesha mafunzo na la kila aliyehusika limeondolewa. Idadi za watu zimesogezwa kidogo ili mahali pasitambulike. Niliongoza kikao cha tathmini maji yalipopungua, kwa hiyo ninayoyaeleza yametoka kwa waliokuwepo, kwenye daftari la vipimo la kambi na kwenye mihtasari ya kamati ya maafa.

Nimewaandikia wanaoandaa mafunzo ya dharura ya maji na usafi wa mazingira. Wengi wetu tunahangaika sana na mada na slaidi. Swali la nani akae kwenye viti vile tunawaachia wanaoandika barua za mwaliko.

## Usuli

Kila baada ya miaka michache mto hupanda, mashamba ya mpunga huzama na watu huhamia shule zilizo mwinukoni. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inataka kuwe na kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji, na kamati ya wilaya hii ilikuwepo na ilikuwa ikikutana. Ilichokosa ni watu wanaojua kuwapatia maji na vyoo watu wengi waliohama usiku mmoja. Miezi michache kabla ya masika shirika moja likafadhili kozi, ikafanyika hotelini makao makuu ya mkoa.

Barua iliomba washiriki wawili wawili kutoka kila idara inayohusika. Wakaja mhandisi wa maji, ofisa afya wa wilaya, ofisa mipango, ofisa maendeleo ya jamii, mtunza stoo na wenzao wa ngazi hiyo. Aliyewahi kufanya kazi halmashauri anajua orodha kama hii inavyopangwa: semina ina posho, posho ina foleni, na foleni huanzia juu. Opereta wa pampu hakuitwa, wala dereva wa boza, wala bwana afya wa kata, wala wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Fundi sanifu mmoja wa kike aliingia kwa sababu tu mkuu wake alikuwa likizo. Nitamwita Fundi.

## Kozi ilivyokuwa

Kozi yenyewe haikuwa mbaya. Asubuhi ya kwanza ilihusu Goma, Julai 1994, ambako mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walivuka mpaka ndani ya siku chache, wakachota maji ya Ziwa Kivu, na mwezi mmoja baadaye watu wapatao 50,000 walikuwa wamekufa, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Ardhi ya pale ni mwamba wa volkano usiochimbika, kwa hiyo vyoo vya shimo havikuwezekana kwa haraka. Kisha wakaja nyumbani: Kagunga, mkoani Kigoma, Mei 2015, pale maelfu ya Warundi walipobanana kwenye ukanda mwembamba kati ya milima na Ziwa Tanganyika, kipindupindu kikazuka, na meli kongwe ya Liemba ikawa inawahamishia Kigoma mjini. Mhadhara ulikuwa mzuri. Hakuna aliyeuliza mwamba wa Goma unamhusu vipi mtu wa bonde la mpunga.

Mchana ukawa wa viwango vya Sphere, mwongozo wa kimataifa wa misaada ya kibinadamu ulioanza kutungwa 1997 kutokana na masomo ya Goma. Washiriki wakapewa kambi ya kubuni ya watu 3,000 na kupiga hesabu: lita 15 kwa mtu kwa siku ni lita 45,000, watu 250 kwa bomba moja ni mabomba 12, watu 50 kwa tundu la choo mwanzoni ni matundu 60, yakipanda hadi 150 kambi ikitulia na kiwango kikishuka kuwa watu 20 kwa tundu. Wote walipata jibu. Haikutajwa kwamba kiwango cha watu 250 kinachukulia bomba linatoa lita 7.5 kwa dakika, na kwamba hata hivyo linahitaji kukimbia zaidi ya saa nane mfululizo ndipo wote wapate lita zao 15. Bomba la tangi lililokaribia kuisha halifanyi hivyo.

Klorini ilifundishwa kwa maji ya bomba la hoteli. Gramu 15 za klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 70 katika lita moja hutoa mchanganyiko wa asilimia 1; mililita moja ya mchanganyiko huo katika ndoo ya lita 20 huongeza miligramu 0.5 kwa lita. Subiri nusu saa, weka kwenye kipimio kidonge cha DPD, kemikali inayogeuka waridi ikikutana na klorini, soma ukali wa rangi. Maji safi hayana cha kuimaliza klorini, kwa hiyo kila kikundi kilisoma kilichotarajiwa na kupigiwa makofi.

Jioni ya mwisho mwezeshaji mmoja hakuridhika. Alichota udongo kwenye bustani ya maua, akaukoroga kwenye ndoo, akawaita washiriki waje wasafishe maji yale kwa shabu, chumvi inayokusanya tope lizame, kabla ya klorini. Wengi walikuwa kwenye meza ya kusaini posho. Waliomfuata nje walikuwa wachache, Fundi akiwa mmoja wao. Zoezi hili halikuwemo kwenye ratiba.

## Yaliyotokea

Mto ulivunja kingo usiku. Asubuhi watu zaidi kidogo ya 2,000 walikuwa kwenye viwanja vya shule mbili za msingi zilizopakana. Kisima cha pampu ya mkono kilikuwa kimefunikwa, na pampu ya mradi wa maji wa kijiji ilikuwa imezama.

Mhandisi aliyesoma kozi alikuwa Dodoma kwa shughuli za bajeti. Ofisa afya wa wilaya alikuwa ng'ambo ya daraja lililokatika. Ofisa mipango na mtunza stoo walikuwepo, ila kazi zao hazihusiani na ndoo. Shuleni walikuwepo walimu, opereta wa pampu asiye na pampu, dereva wa boza la lita 10,000, bwana afya wa kata na wahudumu wa afya wanne.

Siku ya pili boza lilijazwa kwenye mkono wa mto, maji ya rangi ya chai ya maziwa. Mhandisi alitoa maelekezo kwa simu: vijiko vitano vya chakula vya klorini kwa boza zima. Kwa maji safi kipimo hicho kingetosha. Bwana afya, aliyekuwa na kipimio cha zamani na mkebe wa vidonge, alipima akapata sifuri, kwa sababu tope na majani yaliyooza yalikuwa yamekwisha kuila klorini yote. Simu nyingine ikapigwa na kipimo kikaongezwa hadi vikombe viwili vya chai. Alipopima tena, maji yaligeuka waridi kwa kufumba na kufumbua, kisha yakawa meupe. Akaandika sifuri. Wakati huo harufu ilikuwa inachoma pua, watoto wanatema, na kina mama wameanza kushuka na madumu kuelekea kwenye visima vilivyofurika.

Fundi alifika siku ya tatu kwa mtumbwi na bodaboda. Alichokikuta mezani ni daftari linalosema maji hayana klorini na ndoo inayonuka kama bwawa la kuogelea la hoteli. Alichukua sehemu moja ya maji yale, akaichanganya na sehemu tisa za maji ya chupa, akapima upya. Waridi ikakaa. Klorini ikizidi sana huiunguza rangi ya DPD yenyewe, na msomaji asiyejua huona sifuri na kuongeza nyingine. Jambo hili lina mstari mmoja katika kabrasha la kozi, tena kwa Kiingereza, na bwana afya hakuwahi kuliona kabrasha hilo.

## Maamuzi na sababu zake

Kusimamisha boza lisigawe moja kwa moja. Fundi aliamua kila maji yanayoingia yapite kwanza kwenye tangi la kutulia. Walipata simtanki mbili za lita 10,000 kutoka kwa mkandarasi aliyekuwa akijenga karibu: moja inatulia, nyingine inagawa, kisha zinabadilishana. Kwa wachotaji huduma ilirudi nyuma, kwani siku hiyo kila mtu alipata kama lita saba na nusu, ukingo wa chini kabisa wa kuishi kwa siku chache. Mwenyekiti wa kambi alipinga, na hoja yake haikuwa ya kijinga: maji yakipungua mikono hainawiwi, na kuhara huletwa na mikono michafu pia. Fundi alisimamia uamuzi wake kwa sababu watu walikuwa tayari wanayakimbia maji ya boza na kunywa ya visima vilivyoingiliwa na vyoo. Maji mengi yasiyonyweka hayangewarudisha.

Kukataa bomba la pili la maji ghafi. Lilipendekezwa bomba la maji yasiyotibiwa kwa kufulia, kando ya lile la kunywa. Alikataa: kwenye foleni ya usiku hakuna anayetofautisha bomba na bomba. Badala yake kufua kukapelekwa chini ya kiwanja, mbali na tangi, na opereta wa pampu akakabidhiwa eneo hilo.

Shabu. Stoo ya wilaya haikuwa nayo. Fundi alimpigia fundi wa maabara wa mamlaka ya maji ya mji jirani, waliyekaa meza moja kwenye kozi, na mifuko ikaja kwa pikipiki. Kwa chupa za maji zilizokatwa shingo alifanya jaribio lile la bustani ya maua: gramu 10 za shabu katika lita moja, kisha mililita 2, 4, 6, 8 na 10 za mchanganyiko huo katika lita moja moja za maji ya mto. Ukikoroga haraka, kisha polepole, kisha ukaacha, tope hujikusanya mabonge na kuzama. Chupa ya mililita 6 ndiyo iliyokuwa ya kwanza kutulia vizuri, yaani miligramu 60 kwa lita, au gramu 600 kwa tangi zima. Hawakuwa na mrija wa kupimia tope, wakatumia kusoma kichwa cha habari cha gazeti nyuma ya chupa. Kipimo hicho hakikuambii kama umefika chini ya NTU 5 (kizio cha kupimia tope) inayotakiwa, lakini kinakuambia kama ujaribu klorini au usubiri. Bibi mmoja aliuliza kwa nini hawatumii mbegu za mlonge. Lilikuwa swali la haki: mlonge hutulisha tope kweli. Ila kusaga mbegu za kutosha lita 10,000 kila siku hakuwezekani, na mabaki yake hubaki kuwa chakula cha vijidudu maji yakilala.

Kufundisha hapohapo. Jioni hiyo Fundi aliwakusanya opereta, dereva, bwana afya na wahudumu wa afya mbele ya tangi na kuwafundisha mambo matatu: kutulisha, kutia klorini, kupima. Hakukuwa na slaidi. Kila mmoja alipima mpaka wote wakasoma namba moja kwenye maji yaleyale. Sababu aliyoitoa kwenye tathmini ni kwamba hakuwa na hakika kama kesho yake angekuwepo.

Vyoo. Hapa aliyeongoza ni bwana afya wa kata. Matundu ya shule yalijaa upesi, na kila shimo jipya lilitoa maji kabla halijafika kiunoni. Aliinua vyoo badala ya kuvichimba: jukwaa la mbao, pipa chini yake, majivu baada ya kila matumizi, na mapipa yakimwagwa kwenye mtaro wenye chokaa juu ya mwinuko, upande wa pili wa uwanja wa mpira, kwa kuwa gari la kunyonya majitaka lisingepita. Alichokosea ni kujenga kwanza na kuuliza baadaye. Safu ya wanawake ilitazama barabara, milango ilikuwa ya magunia, na usiku hakuna aliyeenda. Asubuhi mifuko ya plastiki ilikutwa nyuma ya madarasa. Mhudumu wa afya wa kike alikaa na kina mama, kisha safu ikageuzwa, ikatiwa komeo na taa ya sola, na matundu mawili ya wanaume yakahamishiwa kwa wanawake. Mwongozo unapendekeza matundu matatu ya wanawake kwa moja la wanaume. Hawakufika huko.

## Matokeo

Kuanzia siku ya nne klorini kwenye bomba ilisimama karibu miligramu 0.5 kwa lita. Wahudumu wa afya walipoanza kupima ndani ya makazi walikuta jambo jingine: maji yaliyochotwa jioni yakiwa na klorini, asubuhi kwenye dumu hayakuwa nayo. Madumu yalikuwa na utelezi wa kijani ndani. Wakaanzisha kituo cha kuosha kando ya foleni: changarawe, maji yenye klorini, tikisa, mwaga, kisha chota. Wazo lilitoka kwa mmoja wao, aliyekuwa akiosha hivyo vibuyu vya maziwa kwao.

Hakuna mgonjwa wa kipindupindu aliyethibitishwa kambini. Nisingependa mtu aichukue sentensi hiyo kuwa ushahidi kwamba kazi ilifaulu. Huenda vimelea havikufika kabisa. Kinachosemeka kwa uhakika ni kwamba watu waliacha kushuka visimani, foleni ikarudi kwenye tangi, na wagonjwa wa kuhara walioandikwa kwenye daftari la zahanati ya muda walipungua tangu wiki ya pili.

## Uchambuzi

Kwenye tathmini wengi walitaka kusema kozi ilifaulu, wakimtaja Fundi. Mimi nasoma vingine. Fundi aliingia kwa nafasi ya mtu mwingine, na ujuzi uliookoa hali aliupata nje ya ratiba. Ukiondoa bahati hizo mbili, kozi iliyogharimu fedha nyingi ingeacha kambini mkebe wa vidonge na namba ya simu ya mtu aliye Dodoma.

Kosa la msingi lilikuwa kumchagua mshiriki kwa cheo. Mafuriko hayaji saa za kazi, na wakubwa ndio wenye safari nyingi zaidi nje ya kituo. Usiku wa kwanza anayekuwepo ni mlinzi wa mtambo, dereva, mwalimu mkuu mwenye funguo za madarasa, na mhudumu wa afya anayeishi kijiji hicho. Hao ndio darasa. Mhandisi ana nafasi yake, kusaini mafuta, kuazima shabu, kuomba boza la pili, na kwa hilo nusu siku inamtosha. Maelekezo yake ya simu hayakuwa ya kipumbavu. Yalikuwa sahihi kwa maji aliyofundishiwa.

Kosa la pili ni hilo la maji yenyewe. Mwalimu wa udereva anayefundisha uwanjani tu hampeleki mwanafunzi barabarani kwa sababu amepata alama nzuri. Maji ya bomba humfundisha mshiriki kuamini kipimo kinachotolewa kwa kijiko, wakati jambo la kujifunza ni kwamba kipimo hakijulikani mpaka maji yale, ya mto ule, siku ile, yapimwe. Kusoma sifuri kwenye kipimio kuna maana mbili zinazopingana, na uamuzi unaofuata kila moja ni kinyume cha mwingine. Ningetumia asubuhi nzima kwa jambo hilo peke yake, na ningeipunguza Goma.

Ningeipunguza tu, maana Goma ilikuwa na jibu la vyoo waliloshindwa kulitoa darasani. Mwamba na maji ya chini yaliyopanda ni tatizo moja: huwezi kwenda chini, basi unakwenda juu. Bwana afya alifikia hapo mwenyewe kwa kulazimika, bila kuwahi kusikia habari za Goma, huku waliosikiliza mhadhara wakiwa wameandika tarehe na idadi ya vifo.

Kuhusu viwango vya Sphere, hesabu ya kambi ya kubuni iliwapa washiriki namba bila mvutano. Kambi halisi iliuliza swali jingine kabisa: ukiwa na boza moja na barabara mbovu, unapunguza lita au unapunguza usafi wa maji? Fundi na mwenyekiti wote walikuwa na hoja, na kitabu hakingewaamulia. Zoezi zuri lingewapa vikundi boza moja na kuwaacha wabishane.

Kilichofanya kazi bila kutarajiwa ni ile meza ya chakula. Bila kufahamiana na fundi wa maabara wa mji jirani, shabu ingefuata njia ya barua. Kozi nyingi huweka mahusiano haya chini ya mambo ya mapumziko ya chai. Hapa yalileta mifuko kwa pikipiki siku hiyohiyo. Sanduku rasmi la vifaa vya dharura, kwa upande wake, lilikuwepo muda wote huo, likiwa limefungwa kwenye stoo ya mkoa, na aliyeruhusiwa kulitoa alikuwa safarini.

## Kozi ilivyobadilishwa

Mtaala uliotoka kwenye tathmini hiyo unafanyika ukingoni mwa mto, kwa Kiswahili, kabla ya masika na tena kabla ya vuli. Washiriki wanapangwa kwa zamu za kazi: mwandaaji anaomba daftari la zamu la mtambo na orodha ya wahudumu wa afya wa vijiji vinavyofurika, ndipo anaandika mwaliko. Jaribio la shabu linafanyika mara mbili, mara ya pili gizani kwa taa ya simu. Kila mshiriki anapewa makusudi sampuli yenye klorini nyingi kupita kiasi na kuachwa aisome bila kuonywa. Zoezi la vyoo linaanza kwa mazungumzo na wanawake watano wa kijiji, na hakuna anayeruhusiwa kuchora ramani kabla hajarudi kutoka kwao.

Upinzani umetoka pale ulipotarajiwa. Idara mbili zimelalamika kwamba dereva wa boza anapewa posho sawa na ofisa, na mfadhili anauliza kwa nini vyeti vimepungua. Vidonge vya DPD vimehamishwa kutoka stoo ya mkoa na kukabidhiwa kwa bwana afya wa kata, akiwa na jukumu la kuangalia tarehe ya kuisha muda kila robo mwaka. Klorini ya unga bado inabishaniwa, kwa kuwa hupoteza nguvu kwenye joto na unyevu, na ofisi ya kata ina bati tupu bila dari. Shabu haina kifungu cha bajeti. Mpaka kikao cha mwisho nilichohudhuria, wilaya ilikuwa inategemea makubaliano ya mdomo na mamlaka ya maji ya mji jirani, na Fundi alikuwa ameombwa ayaandike.